Namna ya kumkagua dalali wa nyumba na viwanja Mwanza kabla hujatoa hela

Ukimuuliza dalali yeyote pale Buzuruga au Nyegezi stendi kama ana leseni, jibu ni moja tu, "ninayo boss, kila kitu kipo", na wengine wanakutolea kabisa picha kwenye simu, karatasi imekunjwa, ina nembo ya bibi na bwana, ina muhuri wa bluu, basi mtu anaridhika, anatoa hela ya kwenda kuangalia nyumba. Sasa karatasi yenye nembo inaweza kuwa cheti cha TIN (namba ya mlipa kodi), inaweza kuwa cheti cha jina la biashara, inaweza kuwa leseni ya duka la vifaa vya simu ambalo alifunga zamani. Zote ni karatasi halali na hakuna hata moja inayomruhusu kukuuzia kiwanja Buhongwa.

Kwanza tuelewane kuhusu sheria maana hapa ndipo watu wanapotezana. Ukisoma ushauri wa mtandaoni mwingi umeandikwa na Wakenya, na Kenya wao wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya 1984 na bodi kabisa inayosajili mawakala, kwahiyo mtu wa Kisumu anaweza kumuuliza wakala namba yake ya usajili kwenye bodi akaenda kuicheki. Sisi huku hatuna kitu kama hicho, Wizara ya Ardhi imekuwa ikiongelea kwa miaka sheria ya sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na viwanja, lakini dalali wa nyumba bado anabanwa na sheria zile zile za mfanyabiashara mwingine yeyote, kubwa ni Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya 1972. Kwahiyo dalali akikwambia "nimesajiliwa na bodi ya madalali Tanzania" usifurahi, muulize bodi gani, iko wapi, ilianzishwa na sheria ipi. Kuna vyama vya watu wa milki na sio vibaya mtu kuwa mwanachama, ila kadi ya chama sio leseni.

Maana yake kazi ya kukagua inakuwa yako wewe, unaunganisha karatasi za ofisi tofauti uone kama zote zinamtaja mtu mmoja. Jina la kwenye kitambulisho, jina la BRELA (wakala wa serikali anayesajili kampuni na majina ya biashara), jina la kwenye leseni, jina la TIN na jina linalotokea ukitaka kutuma hela kwenye namba yake. Matapeli wengi hawakosi karatasi, wanakosa karatasi zinazofanana majina.

Anza na simu, haikugharimu kitu. Ingiza namba yake kama unataka kutuma hela, iwe M-Pesa, Mixx, Airtel Money au HaloPesa, kabla hujaweka namba ya siri jina litatokea, lisome alafu ghairi. Kama anajiita Kaka Juma wa Viwanja na jina linalotokea ni la mwanamke, inaweza kuwa laini ya mke wake, sawa, lakini mfanyabiashara mwenye leseni kwanini apokelee hela ya biashara kwenye laini ya mtu mwingine? Muulize. Kisha omba kitambulisho cha NIDA na usiangalie picha tu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na zile 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, alafu mwezi, alafu siku. Linganisha na tarehe iliyoandikwa hapo hapo kwenye kadi. Walioedit picha kwa haraka huwa wanabadili jina na picha wanasahau namba, unakuta kadi inasema kazaliwa 1991 na namba inaanza na 1978.

Hatua inayofuata ni BRELA. Kama ana jina la biashara au kampuni, liko kwenye mfumo wao wa usajili mtandaoni, ingia kwenye tovuti ya BRELA utafute jina kama lilivyoandikwa kwenye cheti, herufi kwa herufi. Hii "herufi kwa herufi" nasisitiza kwasababu kuna mchezo wa kuchukua jina la kampuni inayojulikana wanaongeza neno moja mbele au nyuma, kama kampuni ni ya viwanja na inaheshimika utakuta ukurasa wa Facebook una jina hilo hilo na neno "Mwanza" au "Lake Zone" mwishoni, na mwenye kampuni hata hana habari. Ukitaka uhakika zaidi, hasa kwa kampuni ya viwanja inayotaka ulipe kwa awamu mwaka mzima, omba ripoti rasmi ya upekuzi wa kampuni kupitia BRELA, inalipiwa kwa kontro namba, utaona wakurugenzi ni nani. Alafu angalia kama yule anayekusainisha mkataba yumo, na kama hayumo akuletee barua ya kampuni inayosema ana mamlaka ya kusaini.

Lakini cheti cha BRELA sio leseni. Nitarudia maana hiki ndicho kitu kinachowapiga watu wengi kuliko vyote. Cheti cha jina la biashara kinasema tu kwamba jina hilo limeandikishwa na fulani. Cheti cha kampuni kinasema kampuni ipo. Cheti cha TIN kinasema mtu anajulikana TRA. Na kitambulisho cha mjasiriamali, vile vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, nacho ni utambulisho wa mfanyabiashara mdogo, hakimfanyi mtu kuwa wakala wa nyumba. Leseni ya biashara ni karatasi nyingine kabisa, za kundi A zinatolewa na BRELA na za kundi B zinatolewa na halmashauri.

Sasa akikupa leseni yenyewe isome taratibu, usione aibu, mwambie "subiri kidogo kaka nasoma". Angalia mstari wa aina ya biashara. Uwe unataja udalali au uwakala wa nyumba na viwanja, ikiwa umeandikwa steshenari au duka la rejareja basi hiyo leseni ni ya steshenari, hata kama juu ya mlango kuna bango la viwanja lenye taa. Angalia mahali pa biashara, kata na mtaa, alafu ujiulize kama ofisi uliyokaa ndani yake muda huo ndiyo hiyo. Mtu anayeomba leseni huwa anadaiwa mkataba wa pango au uthibitisho wa eneo la kufanyia biashara, kwahiyo dalali mwenye leseni halali kuna siku alikuwa na sehemu ya kueleweka, sasa kama leseni inasema Kirumba na yeye anakutana na wewe kwenye vibanda vya chips Igoma muulize alihama lini. Angalia tarehe ya kuisha, leseni inadumu miezi 12 tangu ilipotolewa, na hapa utashangaa ni wangapi wana leseni safi kabisa ya halali iliyokufa mwaka juzi. Angalia TIN, ina tarakimu 9, iwe ile ile ya kwenye cheti chake cha TRA. Na kama karatasi ina kile kimraba cha kuskani, skani, lakini usiishie kufurahi kwamba ukurasa umefunguka, soma anuani juu kabisa, iishie na .go.tz, maana mtu yeyote mwenye laptop anaweza kutengeneza kimraba kinachofungua ukurasa wenye nembo ya bibi na bwana.

Kwenye picha ya simu vitu hivi havionekani vizuri ndio maana wanapenda picha. Mazungumzo huwa yanakwenda hivi:

"Kaka habari, samahani naomba picha ya leseni yako yote, kona zote nne zionekane."

"Dada yangu leseni ya nini tena na nyumba unaiona hii hapa, kuna mtu anakuja saa kumi na hela mkononi."

"Sawa, nitume tu picha, na unambie imetolewa Jiji au Ilemela."

"Aaa dada, wewe inaonekana huna shida na nyumba."

Ukishafika hapo umepata jibu lako, tafuta nyumba nyingine. Yule mtu wa saa kumi huwa hafiki.

Kuhusu hilo la Jiji au Ilemela, wageni wa Mwanza hawalijui na hata wenyeji wanachanganya. Kwa macho mji ni mmoja lakini halmashauri ni mbili, Halmashauri ya Jiji la Mwanza inashika wilaya ya Nyamagana, yaani Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, Igoma, Kishili, Luchelele na katikati ya mji, alafu Manispaa ya Ilemela ina Kirumba, Kitangiri, Pasiansi, Bwiru, Kiseke, Nyasaka, Buswelu mpaka kule Kayenze. Ukitoka nje kidogo unakuwa umeshahama kabisa, Usagara ni Misungwi na Kisesa ni Magu. Kila halmashauri ina ofisi yake ya biashara na leseni za kwake, kwahiyo kumuuliza afisa biashara wa Jiji kuhusu leseni iliyotolewa Ilemela ni kupotezeana muda. Soma juu ya leseni imetoka halmashauri gani alafu nenda hiyo hiyo, za Ilemela makao makuu yako Buswelu. Ukifika toa shikamoo kama kawaida, sema unataka kujua kama leseni namba fulani ni ya kwao na bado iko hai, huombi siri za mtu. Siku hizi leseni za halmashauri zinaombwa kupitia mfumo wa Tausi wa TAMISEMI kwahiyo kumbukumbu ziko kwenye kompyuta, sio zile enzi za kufunua madaftari. Binafsi naona safari hiyo inalipa kwa mtu anayenunua kiwanja. Kwa anayepanga chumba cha mwezi mmoja mmoja Malimbe, mwanafunzi wa SAUT kwa mfano, sidhani kama atapanda daladala mpaka ofisi ya biashara, na wale vijana wa kijiwe wanaompeleka wengi wao hawana leseni kweli lakini nyumba wanazijua, kwa huyo kinga yake ni ndogo tu, asilipe kitu chochote kabla hajaingia ndani ya chumba na kuongea na mwenye nyumba uso kwa uso.

Kitu kingine kipya kidogo. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya biashara 15, na udalali wa biashara na wa nyumba na viwanja umo kwenye orodha, waliokuwa na leseni tayari waliachwa nazo mpaka ziishe muda. Kwahiyo mgeni akikwambia yeye ni wakala wa apatimenti za Capri Point, una haki ya kuuliza leseni yake ilitoka lini na inaisha lini. Na wewe Mtanzania ukiombwa umkopeshe jina lako mgeni ili achukue leseni, kataa, amri hiyo inamgusa na raia anayesaidia.

Sasa kuna wale wanaojipandisha vyeo. Hawa ni rahisi kuwakamata kwasababu vyeo vyenyewe vina bodi. Anayesema ni mthamini lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini chini ya sheria ya 2016, mpima ardhi naye ana baraza lake la usajili, mtaalamu wa mipangomiji ana bodi. Kampuni inayokata shamba kuwa viwanja kule Kishili au Nyamhongolo iulize michoro imechorwa na nani na imepimwa na nani, wakishindwa kutaja jina la mtaalamu hata mmoja jua bikoni (alama za mipaka) ulizoonyeshwa zinaweza kuwa nguzo za saruji tu zilizochomekwa na fundi. Anayesema ni dalali wa mahakama ndio kabisa, hao wanateuliwa na Mahakama kwa kanuni za 2017, nenda masjala ya mahakama uulize kama yupo kwenye orodha, na muombe amri ya mahakama ya kuuza hiyo nyumba, hauzi kwa maneno. Na wakili "wetu wa ofisi" atakayeshuhudia mkataba, jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama yuko hai kwa mwaka huu, mawakili wanahuisha kila mwaka. Ushauri wangu, wakili umlete wewe. Aliyeletwa na dalali analipwa na nani?

Tuseme amepita kote huko, majina yanafanana, leseni iko hai. Hapo umejua tu kwamba huyu mtu ni mfanyabiashara na anapatikana. Hujajua kama mwenye nyumba anamfahamu. Madalali watano wanaweza kuwa na picha za nyumba moja ya Nyasaka na mwenye nyumba alimpa mmoja tu, au hakumpa yeyote na anaishi Geita. Kwahiyo omba maandishi, hata ya kurasa moja, kwamba mwenye mali kamruhusu fulani kutafuta mpangaji au mnunuzi wa nyumba hii kwa bei hii, na namba ya simu ya mwenye mali upige mwenyewe, sio uunganishwe kwenye simu ya dalali. Kama dalali anataka kusaini mauzo kwa niaba ya mwenye mali, barua ya kawaida haitoshi, hapo inatakiwa hati ya uwakilishi, na wakili wako aikague kabla hujagusa kalamu.

Kwa kiwanja ongeza upekuzi ofisi ya ardhi. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, au namba ya hati, peleka ofisi ya ardhi ya mkoa, lipa kwa kontro namba, upate majibu ya maandishi nani mmiliki na kama kuna mkopo au zuio. Dalali mzuri hakasiriki ukifanya hivi, wengine wanakupeleka wenyewe. Anayekwambia "hati ipo benki tunaitoa wiki ijayo ukishalipa nusu" mshukuru uondoke. Na kwa maeneo ya Usagara, Kigongo na Kisesa, ambako bei imechangamka, hasa upande wa Kigongo tangu Daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025, kuna ardhi nyingi bado ni ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hiyo inapitia halmashauri ya kijiji sio dalali na mwenyekiti wawili chini ya mti.

Viwanja vya "biichi" navyo. Tangazo linasema ploti inagusa ziwa, Luchelele, Kayenze, Sangabuye, unatumiwa video ya maji yanameremeta. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwahiyo ploti ya mita 30 kwa 40 inayoanzia majini yote iko ndani ya eneo la katazo. Mimi hili nalitumia kama mtihani wa dalali. Muulize tu "mita sitini zinaishia wapi hapa?" Anayejua kazi atatembea na wewe akuonyeshe, atakwambia hapa unaweza kupanda miti tu, nyumba ianzie kule. Asiyejua, au anayejifanya hajui, atakwambia "boss mbona wote wamejenga". Kweli baadhi wamejenga, na 2020 ziwa lilipojaa maji yaliwafuata.

Hela sasa. Kwenye kupanga, udalali uliozoeleka ni kodi ya mwezi mmoja, kwenye kuuza ni asilimia mnayokubaliana, muiandike kabla hamjaenda kuangalia na muandike nani analipa, muuzaji au mnunuzi, maana wapo wanaokula pande zote mbili kimya kimya. Hela ya kuonyeshwa sio kosa kama ni nauli ya bodaboda na imesemwa mapema, ikishafika elfu ishirini kwa kila nyumba na kila nyumba ukifika "imeshachukuliwa jana" huyo biashara yake ni nauli. Ukilipa udalali dai risiti, ya mashine ya EFD ikaguliwe kwenye tovuti ya TRA ya kuhakiki risiti, au app yao, uone jina linalotoka ni la nani. Wadogo ambao hawatumii mashine wakuandikie ya mkono yenye jina, TIN na namba ya simu.

Ikitokea umeshapigwa, usifute meseji kwa hasira. Piga 100 ya mtandao wako hapo hapo waambie muamala, wakiwahi hela haijatolewa kuna nafuu. Tuma namba ya tapeli na meseji zake kwenda 15040. Nenda kituo cha polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako polisi) ukiwa na muamala, picha ya leseni na mkataba kama upo. Na kama leseni yake ilikuwa ya kweli, pita pia ofisi ya biashara ya halmashauri iliyoitoa, wao wana TIN yake, wana mkataba wake wa pango, na huwa hajafikiria kwamba kuna mtu atakwenda kuuliza huko.